Khamis Juma ni yupi? Safari ya daftari la mwanafunzi hadi kanzidata ya Gombani

Hebu fanya jaribio hili dogo. Ingia darasa lolote la chuo hapa Pemba, simama mlangoni, ita kwa sauti: "Khamis Juma!" Kisha hesabu vichwa vitakavyogeuka. Mimi nilifanya hivyo bila kukusudia mwaka jana pale Gombani, nikimtafuta kijana mmoja ambaye fomu yake ilikuwa na kasoro. Waligeuka watatu. Mmoja ni Khamis Juma Hamad. Wawili waliobaki wote ni Khamis Juma Khamis, na hawana undugu wowote. Darasa zima likacheka, maana wao wameshazoea: mmoja wanamwita Khamis Mrefu, mwengine Khamis Wingwi kwa sababu kwao ni Wingwi. Ambaye hakuzoea ni mimi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwatengenezea kanzidata.

Kama hupajui Gombani, ni Chake Chake, penye ule uwanja ambao Januari 2025 Zanzibar Heroes iliwafunga Burkina Faso ikabeba Kombe la Mapinduzi. Siku za kawaida ni mahali patulivu. Chuo nilichokwenda sitakitaja jina. Ni kidogo, kinatoa astashahada na stashahada, na kumbukumbu za wanafunzi wake zilikuwa zimekaa sehemu tatu. Kuna daftari kubwa la usajili, jalada gumu, kingo zimeliwa na mchwa. Kuna mafaili ya karatasi masjala. Na kuna mafaili ya Excel, kila mwaka na lake, mengine yamo kwenye fleshi ya mtu ambaye siku hizo alikuwa Unguja.

Wiki hiyo hiyo alikuja mhitimu mmoja dirishani. Tumwite Fatma, ingawa si jina lake. Amemaliza stashahada, amefaulu vizuri, anataka kuomba shahada. Kama umepita njia hii unajua: mwenye stashahada haombi chuo kikuu bila AVN, ile namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET, na namba hiyo haitoki mpaka taarifa zako ziwe sawa. Za Fatma hazikuwa sawa. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatma Othman Khamis. Daftari la chuo, na matokeo yote yaliyonakiliwa kutoka humo, yanasema Fatuma Athumani Hamisi. Kwa sikio la Mpemba huyo ni mtu mmoja, wala hufikirii mara mbili. Kwa kompyuta hao ni watu wawili ambao majina yao matatu hayafanani hata moja. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa baada ya siku kumi na moja.

Karani wa masjala ni mama mtu mzima, pale wote wanamwita Bi Mkubwa. Alilitazama lile daftari, akamtazama Fatma, akaniambia: "Mwanangu, huyu mimi namjua, na mamaake namjua. Lakini kujua kwangu hakuna mhuri."

Nilikwenda Gombani na kompyuta mpakato na michoro ya majedwali. Sentensi ile ya Bi Mkubwa ndiyo iliyonirudisha maktaba kusoma historia. Nilitaka kujua lini hasa kujuana kulianza kuhitaji mhuri.

Chuo ni kitabu

Tuanze na neno lenyewe. Leo ukisema chuo unafikiria majengo, ada na kadi ya mwanafunzi. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu. Kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, inalitoa kwa maana hiyo. Kutoka kitabu likaja kuwa mahali kitabu kinaposomwa, yaani chuo cha Kurani, na mwanachuoni akawa mtu aliyebobea katika vitabu. Kwa hiyo taasisi na maandishi vimetumia jina moja tangu zamani.

La kuchekesha ni kwamba chuo hicho chenye jina la kitabu hakikuwa na haja ya daftari la majina. Mimi mwenyewe nimesoma chuoni tangu mdogo, na sikumbuki hata siku moja kumuona Maalim akiandika jina la mtoto. Alikujua wewe, baba yako, na juzuu uliyofikia. Ukikosa siku mbili alimtuma mwenzako akuulizie nyumbani. Na aliyeendelea mbali katika elimu alipewa ijaza, hati ya mwalimu wake ya kumruhusu kufundisha alichosoma, ikitaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, kurudi nyuma. Itazame kwa jicho la mtu wa kumbukumbu: hati inabebwa na mwenye nayo, na thamani yake inatokana na mlolongo wa watu wanaojuana. Hakuna masjala ya kuipoteza.

Mpango huo ni mzuri sana, ila una sharti moja. Lazima anayekuuliza wewe ni nani awe anakujua, au amjue anayekujua. Siku unapokutana na mtu asiyekujua wewe wala jamaa zako, lakini ana uwezo wa kuamua jambo lako, unahitaji kitu kingine. Pemba siku hiyo ilikuja kwa namna kali.

Mabruki mbele ya karani

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akiwa ameshinikizwa na Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Watu wengi hudhani siku hiyo wote wakawa huru. Sivyo ilivyokuwa. Mtumwa alitakiwa ende mwenyewe akaombe uhuru wake mbele ya mahakama, na aliyemmiliki aliweza kudai fidia. Masuria waliachwa nje ya amri, mpaka mwaka 1909. Na Pemba ndiko kulikokuwa na kazi nyingi za mashamba, kwa sababu kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na uzito wa karafuu ukahamia kisiwa hiki.

Sasa jiweke mahali pa yule karani. Mbele yako kasimama mwanamume, anasema anaitwa Mabruki. Jana ulimwandika Mabruki mwengine. Wiki ijayo watakuja wengine, maana Mabruki, kama Feruzi, ni jina ambalo watumwa wengi walibandikwa na waliowamiliki. Jina la baba halimsaidii mbele yako. Pengine aliletwa kutoka bara angali mtoto. Utamtofautisha vipi na Mabruki wa jana?

Utashika kilicho karibu: jina la bwana wake. Tena kwa kuwa fidia inakwenda kwa bwana, jina hilo lazima liwemo.

Katika fani yetu kitu alichokuwa akikitafuta karani kinaitwa ufunguo: kipande cha taarifa kinachotosha kumtambulisha mtu huyu peke yake, asichanganywe na mwengine. Kila mwanafunzi wa kompyuta anafundishwa kuuchagua katika wiki za mwanzo, na huwa tunafundishwa kama hesabu. Lakini uangalie ufunguo huu. Mtu anaandikwa kuwa huru, na kinachothibitisha uhuru wake ni jina la aliyekuwa akimmiliki.

Wengi hawakukubali kubaki nalo. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, aliyechambua kumbukumbu za mahakama na mirathi za hapa Pemba, ameeleza kwa kirefu jinsi waliokuwa watumwa walivyojijengea heshima kisiwani katika miongo iliyofuata. Namna ya kujitaja ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Hata sensa inaonyesha: kati ya ile ya mwaka 1924 na ya mwaka 1931, waliojiandikisha kuwa "Waswahili" Unguja na Pemba walipungua kwa maelfu, wakaongezeka waliojitambulisha kwa majina mengine. Watu walikuwa wale wale, kwenye nyumba zile zile. Kilichobadilika ni kisanduku walichotia alama.

Kwa mtengenezaji wa kanzidata hapa pana somo ambalo sikufundishwa darasani kwa nguvu hii: usimfungie mtu kwenye taarifa ambayo ana haki ya kuibadilisha. Fomu ya zamani ya kile chuo cha Gombani ilikuwa na kisanduku cha "kabila". Niliuliza kinatumika kwa kazi gani, hakuna aliyejua. Fomu ilinakiliwa kutoka fomu nyengine, nayo kutoka nyengine. Nilikiacha nje ya muundo mpya na mpaka leo hakuna aliyekiulizia.

Herufi nne zikazaa majina matatu

Tunarudi kwa Fatma, maana bado hatujajua Othman aligeuka lini kuwa Athumani.

Idara ya Elimu ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1907. Skuli za serikali zikaja na rejesta ya mahudhurio, ile ya kuita majina asubuhi na kutia alama. Rejesta iliandikwa kwa herufi za Kirumi. Nadhani watu hawaupi uzito wa kutosha mgeuko huu. Kwa karne nyingi Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na majina mengi ya Pemba ni ya asili ya Kiarabu. Khamis kwa herufi hizo ni kha, mim, ya, sin. Basi. Awe anayeandika ni wa Micheweni, wa Mombasa au wa Maskati, herufi ni hizo nne. Kila mtu atalitamka kwa ulimi wake, lakini kwenye karatasi ni jina moja.

Ukiliandika kwa herufi za Kirumi, unaandika ulimi. Anayetamka "kh" ataandika Khamis. Ambaye kwao "kh" imelainika ataandika Hamisi, na wa tatu ataishia njiani, Hamis. Othman, Athuman, Athumani. Fatma, Fatuma, Fatima. Ali na Ally, ambayo hiyo "y" hakuna aliyewahi kunieleza imetoka wapi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia tahajia. Lakini kamusi hainyooshi majina ya watu. Jina lako liliandikwa na karani aliyekuwapo siku hiyo, kwa sikio lake na kalamu yake.

Ongeza jambo jengine. Fomu nyingi zinataka "jina la ukoo". Sisi kwa kawaida hatulitumii hilo. Jina la tatu ni la babu, na kwa kuwa ni desturi kumpa mtoto jina la babu yake, Khamis Juma Khamis si bahati mbaya. Hivyo ndivyo mambo yanavyopangwa. Ndugu wa Khamis anaweza kuwa Ali Juma Khamis, lakini mtoto wa Khamis ataitwa Juma Khamis Juma. Mfumo uliotengenezwa kwa watu wenye jina la ukoo utakwambia baba na mwana hawa ni wa koo mbili.

Kwa muda mrefu madhara yalikuwa madogo, maana wanafunzi walikuwa wachache na mwalimu mkuu aliwajua. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na siku hiyo bado tunaiadhimisha kila mwaka. Skuli zikajaa. Rejesta ambayo zamani ilimkumbusha mwalimu mambo anayoyajua, sasa ikawa ndiyo inayomwambia mambo asiyoyajua.

Mti, roketi na jedwali

Hapa nakuomba tuvuke bahari kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo watu wengine walikuwa wanahangaika na daftari lao.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa inatengeneza mfumo wa kuhifadhi orodha ya vipande vya roketi ya Apollo, ile ya safari za mwezini. Mfumo ule, IMS, ulipanga taarifa kama mti: roketi ina sehemu kubwa, kila sehemu ina vipande, kila kipande kina vipande vidogo. Ukitaka kijiskrubu fulani unashuka tawi kwa tawi. Kwa roketi mpango huu unafaa sana, kwa sababu skrubu moja imekaa mahali pamoja.

Mwanafunzi si skrubu. Anasoma masomo saba, kila somo lina wanafunzi arubaini, kila mwalimu ana masomo matatu. Ukimning'iniza mwanafunzi chini ya somo, itabidi umning'inize mara saba. Ukilifuta somo, umewafuta na watu wake.

Mwaka 1970 mtafiti wa IBM huko San Jose, Edgar Codd, alichapisha makala ya kurasa kumi na moja. Codd alikuwa Muingereza, mzaliwa wa mwaka 1923, aliyewahi kurusha ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alisomea hisabati. Wazo lake ukilieleza kwa Kiswahili cha kawaida linaonekana dogo: weka kila kitu katika majedwali ya kawaida, mistari na safu, kila jedwali lizungumzie jambo la aina moja, kila ukweli uandikwe mahali pamoja tu, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake, si kwa njia za siri ambazo mtengenezaji peke yake anazijua. Ukitaka kitu unasema unataka nini, na mashine itafute njia yenyewe. Kampuni yake haikukimbilia kuutumia, kwa sababu IMS ilikuwa inaingiza pesa. Wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, mwaka 1974 walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo inaitwa SQL. Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing.

Na sisi? Kompyuta ya kwanza Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta likaishia kwenye vurugu, na mwaka 1974, mwaka ule ule wa Chamberlin na Boyce, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na seti za televisheni. (Zanzibar, kwa kiburi chake kizuri, ilikuwa imeanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Wazee wa Chake bado wanalisema hilo mbele ya wageni kutoka bara.) Ni rahisi kuicheka marufuku ile. Mimi baada ya kuyaona mafaili ya Excel ya Gombani nimepunguza kucheka. Kuingiza daftari lenye fujo kwenye mashine kunaiongezea fujo kasi.

Mfano huu hapa. Faili moja lilikuwa na mstari mmoja kwa kila mwanafunzi na kila somo: jina, simu, kozi, somo, mwalimu, alama. Mwenye masomo saba ana mistari saba na simu yake imeandikwa mara saba. Akibadilisha laini, mtu anarekebisha mistari mitatu, kisha adhana inaadhiniwa, anakwenda kuswali, akirudi kasahau. Tangu hapo mwanafunzi ana simu mbili na hakuna ajuaye ipi ya kweli. Somo moja lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Alipojitoa, mstari wake ukafutwa, na somo likapotea duniani pamoja na jina la mwalimu wake. Codd aliyaeleza matatizo ya namna hii nusu karne iliyopita, kwa hesabu. Bi Mkubwa aliyajua bila hesabu: katika daftari lake kubwa anwani imeandikwa mara moja tu, ukurasa wa kwanza wa mwanafunzi, na kila palipohitaji anwani ameandika "taz. uk." na namba.

Ufunguo gani?

Kwa hiyo muundo wenyewe haukunichukua muda. Jedwali la wanafunzi. Jedwali la masomo. Katikati jedwali la usajili, linalosema mwanafunzi namba fulani alisoma somo namba fulani, muhula fulani, akapata alama fulani. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angeweza kuuchora. Tuliyobishana ni mawili: ufunguo, na jina.

Pendekezo la kwanza lilikuwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Baraza la Mitihani, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, linatumia namba nzuri sana: herufi, namba ya kituo, kisha namba ya mtahiniwa ndani ya kituo. Lakini namba hizo hurudiwa kila mwaka. Ukisahau kuandika mwaka, wewe na mdogo wako mliyesoma skuli moja mnaweza kuwa mtu mmoja. Na aliyerudia mtihani ana namba mbili. Tuipe mwaka wake, tuihifadhi, ila isiwe ufunguo.

Pendekezo la pili lilitoka kwa msimamizi wangu: ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kilichoanza kwa sheria ya mwaka 2005. Kila mtu anayo, alisema. Nikamjibu, "Maalim, si kila mtu." Chuo kina wanafunzi kutoka Tanga na Mombasa. Kina waliofika na miaka kumi na saba, ambao bado hawajapewa. Na hata kama wote wangekuwa nayo, namba ile imetolewa na ofisi nyengine kwa shughuli zake, na siku ofisi hiyo ikiibadilisha, daftari letu lote linapasuka. Sikumtajia Mabruki kwenye kikao, ingawa nilikuwa namfikiria yeye: aliyeandikwa kwa jina lililokuwa na maana kwa mlipaji wa fidia.

Tukakubaliana namba isiyo na maana yoyote. Chuo kinaitoa siku ya kwanza, haina mwaka ndani yake, haina kozi, haina asili ya mtu, na haibadiliki hata akiolewa, akihama kozi au akirudi baada ya miaka kumi. Mkuu wa taaluma hakuipenda. Alitaka namba "inayosomeka", aione tu ajue huyu ni wa mwaka gani. Nilimwonyesha mwanafunzi aliyehama kozi mara mbili na namba tatu alizonazo. Akanyamaza, sijui kama alikubali.

Kuhusu jina, nilifanya jambo ambalo vitabu vingi vya fani havilitaji. Nililitoa jina katika jedwali la wanafunzi na kulipa jedwali lake. Kila mstari una namba ya mwanafunzi, jina kama lilivyoandikwa, limetoka kwenye hati gani, na tarehe. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, hati ya kiapo imesema hivi. Mfumo hauamui lipi sahihi. Unaonyesha kwamba majina yote haya ni ya namba moja, na nani alithibitisha. Ukitafuta Hamisi unaletewa na Khamis, kwa sababu nimeufundisha orodha ya majina pacha, ambayo nusu yake aliniandikia Bi Mkubwa nyuma ya bahasha.

Alikuwa na pingamizi moja tu. "Kitabu hichi hakijawahi kuzimika," alisema. Yeye anazikumbuka siku ambazo Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha, kabla ya Juni 2010 ulipofika umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Na umeme haujaacha kukatika. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Kila mwisho wa muhula mfumo unachapisha daftari zima, linajalidiwa, linapigwa mhuri, linawekwa kabatini chini ya lile la zamani. Nakala nyengine inakwenda nje ya jengo.

Fatma alikwenda mahakamani Chake kuapa kwamba majina yote mawili ni yake. Hati ya kiapo ilipotoka, chuo kikaandika barua, barua ikapelekwa, na dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa siku nne nyuma. Mwaka mzima alifundisha tuisheni nyumbani kwao akisubiri dirisha jengine, na safari hii AVN ilikuwa mkononi.

Siku ya kukabidhi mfumo, Bi Mkubwa aliniambia nimtafutie Fatma kwenye kompyuta. Nikaandika Fatma, ikaja namba moja na majina mawili chini yake, kila moja na hati yake na tarehe. Alivaa miwani, akasoma yote, akauliza ile namba ni ngapi. Kisha akalivuta lile daftari kubwa, akafungua ukurasa wa Fatuma Athumani Hamisi, na pembeni, kwa wino mwekundu, akaiandika.